Mkimya ofisini: namna ya kuishi na wenzako bila kujigeuza mpiga soga

Maswali huwa ni yaleyale. "Nimeanza kazi mwezi huu, mimi si mwongeaji, nasikia watu wanasema naringa. Nifanyeje?" "Kikao kikianza nasahau hata nilichokuja nacho." "Jioni nafika nyumbani nimechoka kuliko aliyeshinda anabeba zege, na siku nzima nilikuwa nimekaa." Nimeyajibu mara nyingi kwa mtu mmojammoja, kwa hiyo sasa nayaweka yote mahali pamoja. Ninapoandika nazifikiria ofisi za Tanzania, za umma na za binafsi: zile zenye chai ya saa nne, kundi la WhatsApp, michango isiyoisha, na mzee wa masijala anayejua habari za kila jalada na za kila mtu. Aliye Nairobi au Mombasa atabadilisha vitu vichache tu.

Nadharia ni fupi. Mkimya ninayemzungumzia ni yule ambaye maongezi mengi humchosha, na akikaa peke yake kidogo nguvu zinamrudia. Haumwi, wala hachukii watu. Daktari wa akili wa Uswisi, Carl Jung, aliliandikia jambo hili mwaka 1921, na wataalamu hawajaacha kubishana tangu hapo. Wewe huna haja ya kuwangoja wamalize.

Cha kushika ni hiki: ofisini kwetu watu hawakupimi kwa wingi wa maneno. Wanakupima kwa maneno machache yaliyokosekana pale yalipotarajiwa, yaani salamu ya asubuhi, pole ya msiba, na "nimeipata, nashukuru" baada ya kutumiwa kazi. Ukiyatoa hayo kwa wakati wake, saa zilizobaki utaachwa unyamaze utakavyo. Usipoyatoa, kila mtu atajitungia maelezo yake kuhusu kimya chako: anajisikia, ana dharau, ana jambo analificha. Wahenga nao hawakutusaidia sana hapa, maana walishasema kimya kingi kina mshindo mkuu.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Daftari dogo. Simu haifai, kwa sababu ukiinamia simu kikaoni watu wanaona unachati.
- Majina ya unaokutana nao kila siku: mlinzi wa getini, dada wa mapokezi, mhudumu wa ofisi, dereva, katibu muhtasari wa bosi. Jua pia kila mmoja anavyopenda kuitwa. Kuna mama anayeitwa kwa jina la mwanawe wa kwanza, na kuna bwana ambaye usipotanguliza "Injinia" hakusikii.
- Kiasi cha fedha ulichokitenga kwa ajili ya michango ya mwezi. Kitenge mapema, siku mshahara unapoingia, usisubiri kuombwa.
- Sentensi tano au sita za akiba, zilizoandikwa na kusemwa kwa sauti nyumbani. Zitakuja hapa chini.
- Mtu mmoja pale ofisini unayeweza kumuuliza jambo la kijinga bila aibu. Mmoja anatosha.

Hatua zenyewe

1. Fika kabla ya wengine, usalimie.

Ofisi nyingi za serikali hufungua saa 1:30 asubuhi. Ukifika saa 1:10, watu watakukuta, na utasalimiana nao mmojammoja kadiri wanavyoingia. Ukifika saa 1:35 unaingia kwenye chumba cha watu kumi na tano waliokwisha kuchangamka, na kwa kuwa anayeingia ndiye husalimia, wote watakugeukia kwa pamoja. Kwa mkimya, tofauti ya dakika hizo ni kubwa kuliko mafunzo yoyote ya kujiamini.

Salamu iwe na vipande viwili, usiikate kwenye kimoja: "Habari za asubuhi, kaka? Za nyumbani?" Subiri jibu, kisha ujiondoe kwa "Haya, ngoja nikaanze." Imetosha. Hakuna atakayekudai zaidi.

Shikamoo hufuata umri, haifuati cheo. Mhudumu mwenye umri wa mama yako apewe shikamoo yake hata kama wewe ndiye afisa na yeye ndiye anayekuletea chai. Wapo mabosi, hasa wanawake wa makamo, wasiopenda kuamkiwa kwa sababu wanaona wanazeeshwa. Siku mbili za mwanzo sikiliza wenzako wanawasalimiaje.

Tahadhari: usipite ukumbini na hedifoni masikioni asubuhi. Wewe utajua unasikiliza mahubiri au taarab, wenzako watajua umewapita bila salamu. Na kutikisa kichwa tu hakuhesabiki.

2. Nenda kwenye chai, lakini si kila siku.

Chai ya saa nne, na chapati zake au supu, ndipo mambo mengi ya ofisi yanapojulikana kabla hayajaandikwa popote. Usiikimbie moja kwa moja. Chagua siku mbili au tatu za wiki, nenda, kaa dakika kumi, rudi. Kaa pembeni ya meza karibu na mtu mmoja, usikae katikati, kwa sababu aliye katikati hutarajiwa kucheka na pande zote.

Ukikosa la kusema, uliza. "Ulifanikiwa kupata fundi?" "Mtoto ameshapona?" Ndiyo maana nikasema uwe na daftari: mtu akikuambia Jumanne kwamba mwanawe anafanya mtihani, andika, umuulize Ijumaa. Watu humpenda anayekumbuka kuliko anayeongea, na kukumbuka ni kazi wakimya wengi wanaiweza.

Halafu kuna Simba na Yanga. Huhitaji kuwa shabiki. Huhitaji hata kujua mchezaji mmoja kwa jina. Jua matokeo tu kabla ya Jumatatu asubuhi, na jua nani ni wa upande gani, ili useme "poleni" kwa hawa na "hongereni" kwa wale. Watani wenyewe wataendesha mazungumzo nusu saa nzima na wewe utakuwa umeshiriki kwa neno moja.

3. Kikao: sema mapema, sema kifupi.

Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa hiyo nitakaa hapa kidogo.

Kabla ya kikao, omba ajenda kwa katibu. Kama hakuna ajenda ya maandishi, muulize bosi, "Kesho tutazungumzia nini hasa, nijiandae?" Swali hilo peke yake limeshamwonyesha kwamba upo. Andika hoja mbili, usizidishe. Iliyo nzuri zaidi mtumie mwenyekiti siku moja kabla, kwa mistari mitatu. Mara nyingi kikaoni yeye mwenyewe atasema, "Mwenzetu hapa alikuwa na wazo kuhusu hili," na mlango utakuwa umefunguliwa. Hutahitaji kugombania nafasi na wenye sauti kubwa.

Kikao kikianza, sema kitu ndani ya dakika kumi za kwanza, hata kiwe kidogo. Kadiri unavyokaa kimya ndivyo neno lako la kwanza linavyozidi kuwa zito kulitoa, na ndivyo vichwa vinavyozidi kugeuka utakapolitoa. Hizi ni njia rahisi za kuingia:

- "Mwenyekiti, naomba kuuliza kwa ufafanuzi tu."
- "Naunga mkono alichosema dada hapa, naongeza jambo moja."
- "Takwimu nilizonazo za mwezi uliopita zinaonyesha hivi."

Hiyo ya tatu ndiyo ninayoipendekeza zaidi. Mtu akija na namba, hakuna anayejali sauti yake ni nyembamba.

Ukiulizwa ghafla na kichwa kikawa cheupe, usijaze pengo kwa maneno. Sema, "Naomba nilipitie kwanza, nitalijibu kabla hatujafunga." Kisha ulijibu kweli. Usipolijibu, mara ya pili hutaaminiwa.

Tahadhari ya kwanza: usihifadhi hoja yako kwa ajili ya "mengineyo". Kikao kinapofika kwenye mengineyo watu wameshafunga madaftari, mmoja anawaza foleni ya Ubungo, mwingine anaangalia saa. Hoja nzuri iliyotolewa hapo huambiwa "tutalijadili kikao kijacho", na ndio mwisho wake.

Tahadhari ya pili inahusu kuandika kumbukumbu za kikao. Ni kazi inayomfaa mkimya: unayo sababu ya kuwa na kalamu mkononi, na unayo haki ya kukatisha wasemaji na kuuliza, "Samahani, hapo niandike tumekubaliana nini?" Ijaribu mara mbili tatu. Lakini usiifanye kila kikao, kwa sababu utageuzwa katibu wa kudumu na hakuna atakayekumbuka kwamba una maoni. Mabinti hasa wawe macho hapa, maana kalamu hiyo hukabidhiwa kwao hata kama chumbani kuna wanaume wanane wenye mikono mizima.

Vikao vya Zoom au Teams ni rahisi zaidi. Washa kamera wakati wa salamu, na hoja yako iandike kwenye sehemu ya ujumbe ikiwa watu wanapokezana maneno haraka mno.

4. Acha maandishi yakusemee.

Mwenye kelele akimaliza kazi, ofisi nzima inajua. Wewe ukimaliza, anajua Mungu na kompyuta. Kila Ijumaa mtumie msimamizi wako ujumbe wa mistari mitatu: nilichomaliza, ninachoendelea nacho, nilipokwama. Usiupambe. Baada ya muda ataanza kuutegemea, na siku akiulizwa juu ya kazi zako atakuwa na cha kusema.

Kama uko kwenye utumishi wa umma, PEPMIS, mfumo wa kompyuta wa kupima utendaji wa watumishi uliochukua nafasi ya OPRAS, uko upande wako. Kazi unazijaza mwenyewe na msimamizi anazipitia humo. Jaza kila wiki, kidogo kidogo. Wanaosubiri hadi muda wa tathmini ukaribie hujikuta wanatafuta kwenye kumbukumbu mambo ya miezi iliyopita, na kwa kawaida husahau yaliyokuwa makubwa.

Mkikubaliana jambo kwa mdomo, lirudie kwa barua pepe siku hiyohiyo: "Kama tulivyozungumza mchana, nitashughulikia hili na lile, na taarifa itakuwa tayari Alhamisi." Aliyenyamaza kwenye maongezi ataonekana makini kwenye maandishi.

5. Linda muda wa kupumua.

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo mapumziko yasiyopungua dakika 60. Mapumziko hayo ni yako. Siku mbili za wiki kula na wenzako kwa mama lishe. Siku nyingine potea. Husemi uongo wala hujielezi sana, unasema tu, "Leo nina mizunguko kidogo." Hakuna Mtanzania anayeuliza mizunguko gani. Kaa kwenye gari, nenda msikitini au kanisani, zunguka jengo, kaa chini ya mwarobaini wa nyuma ya ofisi.

Kwenye ofisi za wazi zisizo na kuta, mwambie jirani yako mapema: "Nikivaa hedifoni ujue napiga hesabu. Ukinihitaji niguse bega." Kumwambia ndiko kunakoleta tofauti. Hedifoni zisizotangazwa huonekana kama mlango uliofungwa usoni mwa mtu.

6. Misiba ni lazima, sherehe unachagua.

Sijui kanuni nyingine ya ofisi za kwetu yenye nguvu kama hii. Mtu asiyeonekana kwenye msiba wa mwenzake hasahauliki, hata kama kikaoni anaongea kama redio. Na msibani mkimya ana nafuu, kwa sababu kukaa kimya ndiyo heshima yenyewe. Nenda, toa mkono, sema "pole sana", andikisha rambirambi, kaa. Ukiona kukaa kunakushinda, chukua kazi: panga viti, saidia kumenya, simama barabarani uwaelekeze wageni. Kaa saa moja, aga mtu mmoja, ondoka.

Kwenye harusi, sendofu na kichen pati, mchango wako huweza kwenda bila wewe. Ahidi kiasi unachokiweza, kisha lipa mapema. Jina lako likiwa juu kwenye orodha ya waliokamilisha, limeshaongea kwa niaba yako, na mweka hazina wa kamati atakuwa rafiki yako wa kudumu. Ahadi kubwa isiyolipwa ndiyo inayomletea mtu simu za kila siku, na simu ndicho kitu usichokitaka.

Tahadhari: usijitoe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Linyamazishe, lisome mara mbili kwa siku, weka "hongera" na "pole" zinapostahili. Ukijitoa, wasimamizi wa kundi huarifiwa, na habari ikienea utaulizwa na watu ambao hawajawahi kukusalimia.

7. Siku za kelele.

Siku yako ya kuzaliwa, kama hupendi kumwagiwa maji mbele ya jengo, usiitangaze, na iondoe kwenye mitandao. Ikishajulikana, tangulia wewe: leta keki saa nne, waite, ikateni, imekwisha. Waliokwisha kula keki hawana hamu sana ya kubeba ndoo.

Mei Mosi ni nyepesi kuliko watu wanavyoiogopa. Unavaa fulana, unatembea na wenzako nyuma ya bango, unaonekana. Kwa wa wizara na idara, michezo ya SHIMIWI ina bao na drafti, ambako kunyamaza ni sehemu ya mbinu.

8. Jifunze kukataa bila kusema hapana.

Mkimya hulundikiwa kazi kwa sababu halalamiki. Ukiletewa ya tatu siku moja, mwonyeshe bosi orodha: "Sawa mkuu, nitaifanya. Hii na hii ulisema ni za leo; nianze na ipi, ipi isubiri?" Uamuzi unarudi kwake. Kwa mwenzako wa ngazi yako: "Naweza kukusaidia kesho asubuhi, leo sitafika." Kisha nyamaza. Wakimya huharibu hapa kwa kuongeza maelezo kumi yasiyoulizwa, na maelezo yakizidi yanaanza kujadiliwa.

Usitangaze tabia yako kama hati ya msamaha, "mimi ndivyo nilivyo, msinisumbue." Wala usijaribu kujigeuza mcheshi kwa bia mbili za sherehe ya ofisi, Jumatatu watamtaka yule mcheshi, na hayupo.

Ukikwama

*Unaulizwa "mbona umenuna?" kila wakati.* Usijitetee. Tabasamu, sema, "Nipo salama kabisa, nimezama tu kwenye kazi. Wewe waonaje hali?" Ikiendelea na mtu yuleyule, anza kumsalimia wewe kabla yake kwa wiki mbili. Kwa kawaida alikuwa anaitaka salamu.

*Wanasema unapeleka maneno kwa bosi.* Mkimya anayesikiliza majungu bila kuchangia hushukiwa mapema sana. Dawa ni kuondoka majungu yanapoanza, na kuondoka mara zote, hata anapozungumzwa mtu usiyempenda. Ukienda kwa bosi, nenda mlango ukiwa wazi na karatasi ya kazi mkononi.

*Mwenzako amelisema wazo lako kikaoni.* Usigombane hapohapo. Sema, "Nafurahi limefika mezani, kwenye andiko nililolituma Jumatatu niliongeza na gharama zake, naomba nizieleze." Hii inafanya kazi pale tu ulipokuwa umeandika kweli, ndiyo sababu ya hatua ya 4.

*Tathmini imeandika "aongeze uchangamfu".* Muulize msimamizi akupe mfano: kikao gani, wateja gani, kitu gani hakikufanyika. Akikupa, una cha kurekebisha. Akikosa, mwombe mkubaliane jambo moja linalopimika, mfano kuwasilisha taarifa ya kitengo mara moja kwa robo mwaka.

*Sauti inatetemeka unapowasilisha.* Kariri sentensi ya kwanza tu, neno kwa neno, na uwe na maji karibu. Omba sehemu yenye majedwali. Macho ya watu yatakuwa ukutani.

*Hulali siku kabla ya kikao, moyo unakwenda mbio, umeanza kuomba ruhusa za uongo.* Huo si ukimya tena, ni hofu, na hofu hutibika. Muone daktari, Muhimbili kwa Dar es Salaam na Mirembe kwa Dodoma wana wataalamu wa afya ya akili, na kwenda huko hakumaanishi umechanganyikiwa.

*Umekaa miaka miwili bila kusalimia na sasa unaona aibu kuanza.* Tumia likizo. Mtu akirudi kutoka likizo husalimiwa na wote bila kuulizwa sababu, na hakuna atakayeshangaa ukichangamka siku hiyo. Rudi na kitu kidogo cha ulikotoka, korosho za Mtwara, ubuyu wa Zanzibar, hata karanga za Dodoma. Weka kwenye meza ya chai, sema "karibuni", na kesho yake fika saa 1:10.